Dekali Kuukuu kwenye Gari la Modeli: Jinsi ya Kuzibandika Zisivunjike

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari wakiwa na Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kampuni ya Hasegawa ya Japani ilitoa modeli ya gari la 1971 kwa kipimo cha 1/24, na kwa yeyote anayependa historia ya mbio zetu, hiyo ni modeli ya kutafutwa. Ila ukiipata kwa mtu aliyeiweka kabatini miaka mingi, plastiki utaikuta salama na tairi zake salama. Kitakachokutia wasiwasi ni ile karatasi nyembamba ya dekali, yaani picha za kubandika kwenye bodi: namba, majina ya wadhamini na vibao vya mashindano. Pengine imegeuka njano, na ukiinamisha chini ya taa utaona nyufa kama nywele.

Mwongozo huu ni wa karatasi hiyo. Nimechukua 240Z kama mfano, lakini hatua ni zile zile kwa Lancia Delta yenye rangi za mdhamini Martini, Toyota Celica yenye rangi za Castrol au gari lolote ambalo dekali zake zimechoka. Msimamo wangu ni mmoja: dekali dhaifu huokolewa kabla haijagusa maji. Ukishaitumbukiza ndipo uanze kufikiria, umechelewa.

Kwa nini huvunjika

Dekali ya maji ina tabaka nne. Chini kabisa kuna karatasi, juu yake gundi inayoyeyuka kwa maji, kisha utando mwembamba unaopitisha mwanga, na juu wino. Utando ndio unaobeba wino. Ukiwa mpya hunyumbuka, ukizeeka hukakamaa. Kwenye karatasi kavu hata utando uliopasuka huonekana mzima, kwa sababu gundi imeshika kila kipande mahali pake. Maji yakiyeyusha gundi, kila kipande kinakwenda njia yake.

Joto na unyevu huharakisha uharibifu. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar kuna tatizo la ziada: hewa yenye unyevu huamsha gundi taratibu, na dekali hunata kwenye karatasi nyepesi iliyolazwa juu yake. Ukikuta hivyo usivute. Acha kwanza boksi likauke kwenye chumba chenye hewa kavu, kisha inua karatasi ya juu polepole kuanzia pembeni. Pale inapogoma, iache ibaki. Utailowesha baadaye na itatoka yenyewe.

Si lazima dekali iwe kuukuu ndipo iwe dhaifu. Zile zilizochapwa kwa printa za Alps, ambazo wachapaji wadogo walizipenda kwa sababu zinachapa rangi nyeupe, zina wino unaokaa juu juu na kukwaruzika hata kwa ukucha. Hizo nazo zinahitaji kuimarishwa zikiwa mpya. Kinyume chake, dekali za Cartograf ya Italia kwa kawaida ni imara na hulala vizuri, na ukiona jina hilo kwenye karatasi una haki ya kupumua.

Vifaa

Andaa kibano chenye ncha bapa, si cha meno, brashi mbili laini, kisu chenye wembe mpya, tishu zisizoacha manyoya, vijiti vya pamba, bakuli la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kuhusu maji: yale ya kisima chenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za pwani hutumia, huacha madoa meupe yakikauka juu ya rangi nyeusi. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyokenekwa.

Kisha kuna dawa mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza hupakwa chini ya dekali ili ishike, kama Micro Set ya Microscale au Mr. Mark Setter. Ya pili hupakwa juu ili ilainike na kufuata umbo la bodi, kama Micro Sol au Mr. Mark Softer. Tamiya nayo ina Mark Fit kwa nguvu tofauti. Usianze na kali kuliko zote. Kwa utando mzee, kilainishi kikali kinaweza kuula kabla hujapata nafasi ya kuunyoosha.

Kitu cha mwisho, na kwa kazi hii ndicho muhimu kuliko vyote, ni Liquid Decal Film ya Microscale. Ni kimiminika kinachojenga utando mpya juu ya ule uliochoka. Usipoipata, klia ya kopo, yaani vanishi angavu ya lacquer, hufanya kazi hiyo hiyo kwa masharti nitakayoyaeleza.

Kabla ya maji

Skani karatasi nzima. Tumia skana ya kulaza kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) au zaidi na uweke rula kando yake ili vipimo visipotee. Hiyo ndiyo bima yako: chochote kikiharibika, unaweza kuchapisha kingine. Picha ya simu ni bora kuliko kutokuwa nayo kabisa, lakini hupinda pembeni.

Kama utando umekuwa wa njano, tia karatasi kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, ibandike kwa ndani kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, uso wa dekali ukitazama nje. Mwanga wa jua hupausha ule unjano. Kagua kila siku, kwa kuwa kazi inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Jua la kwetu ni kali na kioo hupata moto, kwa hiyo mchana wa kiangazi itoe na uirudishe asubuhi inayofuata. Fanya hili kabla ya kuimarisha, si baada.

Sasa jaribio. Kila karatasi ina dekali usiyoihitaji, labda kibao cha nchi nyingine au jina la kampuni ya matairi lililochapwa mara mbili. Ikate, iloweshe kwa sekunde kumi, ilaze juu ya tishu yenye maji, subiri dakika moja, kisha uisukume kwa brashi. Ikiteleza nzima na kubaki nzima ukiikunja kidogo kwenye ukingo wa kijiko, una bahati. Ikipasuka, umepata jibu kwa gharama ya kipande kisicho na thamani. Usiruke jaribio hili hata kama karatasi inang'aa kama mpya, maana mng'ao hauonyeshi ukakamavu.

Ikipasuka, imarisha karatasi nzima. Paka Liquid Decal Film kwa brashi pana na laini, mkupuo mmoja kutoka upande hadi upande, na usirudi pale ulipopita, kwa sababu tabaka la kwanza huanza kushika mara moja na brashi italiburuta pamoja na wino. Iache usiku kucha. Ukitumia klia ya kopo, puliza kwa mbali tabaka jepesi kama ukungu, subiri likauke, kisha rudia mara mbili au tatu. Ukipuliza nzito mara ya kwanza, thina iliyomo inaweza kuyeyusha wino wa zamani.

Jua unachobadilishana hapo. Utando wa lacquer ni imara, lakini hausikii vilainishi kirahisi, hivyo dekali itakayopita juu ya kona kali itakupa kazi. Kwa milango bapa ya 240Z hilo si tatizo. Kwa bampa la Celica lililojaa mikunjo, mimi ningechagua Liquid Decal Film.

Ukishaimarisha, karatasi nzima imekuwa utando mmoja. Kila dekali lazima ikatwe peke yake, karibu na wino kadiri mkono unavyoruhusu. Kwa mistari mirefu tumia rula ya chuma na wembe mpya, na ukate kwa mipito miwili mitatu myepesi badala ya mmoja wa nguvu.

Uso wa kubandikia

Dekali hulala vizuri juu ya uso unaong'aa tu. Rangi isiyong'aa ina vishimo vidogo. Hewa hubaki humo, na chini ya taa utaona weupe kama wa fedha kuzunguka kila herufi. Boneti nyeusi ya 240Z haing'ai, kwa hiyo kama kuna dekali inayokaa hapo, ipulizie klia inayong'aa kwanza, bandika, kisha mwishoni uirudishe katika hali yake ya kutong'aa kwa klia isiyong'aa.

Rangi iwe imekauka hasa. Ukiinusa bado inanuka thina, haijawa tayari. Msasa wa maji namba 2000 utaondoa vumbi lililonasa, kisha ioshe bodi kwa sabuni ya vyombo na usiishike tena kwa vidole vitupu.

Jambo moja kuhusu rangi nyekundu: wino mweupe wa dekali nyingi ni mwembamba, na juu ya wekundu kibao cheupe cha namba kinaonekana cha waridi. Kama skani yako ni nzuri, chapisha umbo lile lile kwenye karatasi ya dekali yenye asili nyeupe, ulikate dogo kwa unywele mmoja kuliko la asili, ulibandike kwanza, kisha uweke la asili juu yake. Ukichapa kwa printa ya wino wa maji, puliza klia juu ya chapa kabla ya kuilowesha, vinginevyo wino wote utaondoka na maji.

Kubandika

Panga kazi kwa upande mmoja kwa siku. Egemeza gari ili paneli unayoifanyia kazi iwe juu na imelala sawa, kwani ikiwa wima dekali itateremka ukiwa umegeuka kuchukua tishu. Anza na dekali ndogo iliyo mahali pasipoonekana sana, mkono uzoee. Namba 11 ya mlangoni si ya kuanzia.

Usiache dekali ielee bakulini. Maji mengi huosha gundi yote, na utando mwembamba huru hujikunja na kujifunga. Ishike karatasi kwa kibano, izamishe kwa sekunde kumi mpaka kumi na tano, itoe, ilaze juu ya tishu yenye maji. Dakika moja au mbili zinatosha kwa nyingi. Kuukuu huhitaji zaidi. Igusishe pembeni kwa brashi. Ikisogea yote kwa pamoja iko tayari, na kama upande mmoja bado umegoma, ongeza tone la maji ukingoni na usubiri. Nguvu utakayotumia hapo ndiyo itakayoipasua.

Wakati ikisubiri, lowesha paneli. Kwa dekali dhaifu natumia maji yenye tone dogo la sabuni ya vyombo, mengi kiasi cha kufanya kidimbwi kidogo pale dekali itakapokaa. Micro Set ni nzuri, lakini hushika mapema na huanza kulainisha, nawe hapa unahitaji muda.

Sasa leta karatasi pamoja na dekali yake mpaka ukingo wa karatasi uguse paneli ndani ya kidimbwi. Weka ncha ya brashi yenye maji juu ya ukingo wa dekali, ukiibana kwa upole dhidi ya paneli. Kwa mkono mwingine vuta karatasi kinyume, usawa na paneli, polepole. Ni karatasi inayoondoka, dekali inabaki palepale. Watu wengi hufanya kinyume, wanaisukuma dekali kutoka kwenye karatasi, na kipande kizee hujikunja mbele ya brashi kabla hakijafika.

Ikiwa juu ya maji, isogeze kwa brashi tu. Kama kona imejikunja chini yake, ongeza maji mpaka inyanyuke na kuelea, kisha ifungue kwa brashi kutoka ndani kwenda nje. Kidole kisihusike. Linganisha na picha ya gari halisi, si na mchoro wa maelekezo peke yake: tazama umbali wa namba kutoka mstari wa mlango, na kama mstari wa chini wa kibao unakwenda sambamba na kizingiti.

Ikikaa sawa, toa maji kwa kugusisha kona ya tishu kwenye ukingo wa dekali. Tishu itanyonya na dekali itashuka. Zungusha pande zote. Halafu laza tishu nyevu juu yake na ubonyeze taratibu kutoka katikati kwenda nje. Kijiti cha pamba kinaweza kubiringishwa juu ya dekali imara. Juu ya dhaifu kitanasa nyuzi zake kwenye ufa na kung'oa kipande.

Kama gundi ya zamani imekufa, utaona dekali imekaa vizuri lakini kona zinanyanyuka zikikauka. Changanya tone la gundi nyeupe ya mbao na maji mengi, lipitishe chini ya kona kwa brashi nyembamba, bonyeza, futa kinachotoka.

Baada ya robo saa hivi, paka Micro Sol mara moja juu ya dekali na uondoe mkono. Kinachofuata hutisha: dekali inakunjamana, inatokeza mabonde na matuta, namba inaonekana imeharibika kabisa. Usiiguse. Kwa muda huo utando ni laini kama utandu wa maziwa na mguso wowote utauchana. Ukikauka utajivuta wenyewe na kulala ndani ya mstari wa mlango na kuzunguka kitasa. Kama bado kuna sehemu imenyanyuka, rudia. Sehemu sugu ipulizie hewa ya mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini, kutoka mbali, kisha ibonyeze kwa kitambaa chenye unyevu wa moto.

Dekali inayopita juu ya mstari wa mlango ikishakauka usiku mzima, pitisha wembe mpya ndani ya mstari na uongeze Micro Sol kwenye mkato. Mlango utaonekana mlango, badala ya kibao kilichotandazwa juu ya pengo. Kama weupe wa hewa umebaki mahali, toboa kwa ncha ya sindano, tia tone la Micro Sol, acha liingie.

Mistari mirefu kama ya Martini inayozunguka Lancia Delta, gari ambalo Miki Biasion alishinda nalo Safari mwaka 1988 na 1989, usiibandike ikiwa mizima. Ikate penye mistari ya paneli, ambapo kiungo hakionekani, na uibandike kipande kwa kipande ukianzia mbele.

Ikivunjika

Usiitupe. Ikiwa bado juu ya karatasi, iache humo na uisogeze vipande vyote kwa pamoja kwenye kidimbwi chenye maji mengi kuliko kawaida. Vikielea juu ya paneli, viungo vya ufa hulingana vizuri ajabu, kwa sababu ukingo wa kipande kimoja ni sura ya mwenzake. Leta kipande kikubwa mahali pake kwanza, nyonya maji kidogo ili kitulie, kisha sukuma vidogo kwa ncha ya brashi mpaka viguse. Visipande juu ya vingine. Pengo jembamba ni rahisi kulificha kuliko tuta. Ikikauka, jaza pengo kwa rangi inayofanana ukitumia brashi yenye unywele mchache. Ukitazama umbali wa mkono, hutaliona.

Klia ya kufungia

Subiri angalau siku mbili. Kabla ya hapo futa bodi kwa kitambaa laini chenye maji ili kuondoa mabaki ya gundi, maana chini ya klia yatageuka madoa ya kahawia.

Jaribu klia kwanza kwenye kijiko cha plastiki chenye rangi ile ile na dekali ya ziada. Klia ya lacquer kama TS-13 ya Tamiya hutoa mng'ao mzuri lakini ikipulizwa nzito hukunja dekali. Anza na tabaka mbili tatu za ukungu tu, zikipishana kwa dakika kumi au kumi na tano, na zikishajenga ngao ndipo upulize lenye majimaji kidogo. Siku ya mvua, au alfajiri ya pwani, acha: unyevu ukinaswa ndani ya lacquer hutoa utusitusi mweupe. Saa tano mpaka saa tisa mchana ni muda mzuri zaidi.

Wapo wanaotumia klia ya gereji inayochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu. Mng'ao wake haushindiki, lakini hadena hiyo ina kemikali ya isosayaneti, inayodhuru mapafu na kuweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Kama huna kinga kamili ya fundi rangi, mpelekee fundi mwenyewe akupulizie. Na klia ya aina yoyote isipulizwe karibu na jiko linalowaka.

Kama unataka vumbi jekundu la Safari kwenye milango, lisubiri mpaka klia imekauka kabisa. Poda ya rangi au rangi nyembamba ya mafuta ikipita juu ya dekali isiyofungwa, itaingia kwenye kila ufa na kuuonyesha.

Dekali zilizobaki zirudishe kati ya karatasi mbili safi za kuokea, ambazo hazinati, ndani ya mfuko unaofungwa pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Zilale bapa, mbali na dirisha na mbali na dari ya bati. Andika juu ya mfuko tarehe uliyoziimarisha na dawa uliyotumia, ili utakayeufungua tena ujue ni kilainishi kipi kitakachofanya kazi.